Mume wangu anasema Mungu amemwagiza auze nyumba: je, nikikataa kusaini nampinga Mungu?

SWALI

Mama Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Ninaishi Morogoro pamoja na mume wangu, ambaye ni mwalimu wa Hisabati katika shule ya sekondari ya serikali, na mama mkwe wangu, mjane, ambaye tulimchukua kutoka Ludewa baada ya kuanza kusumbuliwa na shinikizo la damu. Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu ipo barazani, na ndiyo inayonunua mboga na kulipa michango ya shule. Nyumba tunayoishi tuliijenga kidogo kidogo kwa mkopo wa mume wangu na fedha zangu za kikoba, na tulihamia kabla haijapigwa plasta.

Mume wangu si mlevi wala si mzembe, na sijawahi kumjua kuwa mtu wa kukurupuka. Januari mwaka huu kanisa letu lilikuwa na mfungo. Jioni moja alirudi kutoka kwenye maombi, akaketi mezani, akasogeza sahani ya ugali pembeni, akasema kwamba Mungu amemwagiza arudi kijijini kwao Ludewa, akakae na watu wake na kuwafundisha watoto wa kule, mahali ambapo kanisa dogo alilobatizwa halina hata mwinjilisti wa kudumu. Nilicheka. Nilidhani anatania, kwa sababu kila mwalimu ninayemfahamu anahangaika atoke kijijini aje mjini. Hakunijibu neno, na tangu siku ile hakulizungumza tena na mimi.

Badala yake alilipeleka kwa mtumishi mmoja mwenye huduma yake hapa mjini, ambaye si mchungaji wetu. Huyo alimthibitishia kwamba neno lile ni la Mungu, lakini akaongeza kuwa kuna kifungo cha ukoo kinachoizuia safari, na kwamba ili kikatike, ni lazima mume wangu auze nyumba, alete bei yote madhabahuni kabla ya Pasaka, kisha aandike barua ya kuacha kazi. Alimwonya asinishirikishe, kwa kuwa Ibrahimu hakumwambia Sara alipokwenda kumtoa Isaka, na akamkumbusha yaliyowapata Anania na Safira walipozuia sehemu ya thamani ya kiwanja chao.

Nisingejua lolote kama mnunuzi asingedai idhini ya mke. Wiki iliyopita mume wangu aliniletea karatasi iliyokwisha kuchapwa, jina langu likiwa chini na mahali pa bei pakiwa wazi, akaniomba nisaini. Nilipomuuliza tutalala wapi, alisema kwamba hata Ibrahimu alitoka asijue aendako. Mama mkwe hajui chochote hadi leo.

Nimelelewa kumwamini Mungu na kumheshimu mume wangu. Ninasoma kwamba kuta za Yeriko zilianguka kwa kuzungukwa tu, na ninajiuliza mimi ni nani hata niseme Mungu hawezi kuagiza jambo la ajabu. Je, nikikataa kusaini nitakuwa nimempinga Mungu?

Mama N., Morogoro

JIBU

Mwanangu, amina. Karatasi hiyo usiisaini, na kwa kukataa hutakuwa umempinga Mungu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua kalamu inakungoja hapo nyumbani. Sababu zake zitachukua nafasi zaidi, kwa kuwa swali lako halistahili kujibiwa kwa kusema tu kwamba huyo mtumishi ni tapeli, na kwa kuwa ndani ya barua yako naona maagizo mawili ambayo wewe na mume wako mmeyafunga katika mzigo mmoja.

Agizo la kwanza ni lile la kurudi Ludewa. Lilimjia mume wako mwenyewe akiwa katika maombi, linamgharimu yeye kabla ya kumgharimu mtu mwingine, halimnufaishi aliyelitoa, na likitimizwa kuna watoto watakaopata mwalimu. Kwa hesabu za watu wa mjini ni jambo la ajabu, lakini sioni ndani yake kitu kinachopingana na Maandiko. Siwezi kuapa kwamba ni sauti ya Mungu, wala hakuna mtu anayeweza kuapa hivyo kwa kusoma barua. Ninachosema ni kwamba neno kama hilo linastahili kusikilizwa kwa heshima, na wewe ulilicheka. Sara naye alicheka nyuma ya mlango wa hema, na Mungu hakumtupa, kwa hiyo sitakuwekea lawama nzito. Hata hivyo, mume aliyechekwa mezani pake alikwenda kutafuta mahali ambapo hatachekwa, na huko ndiko agizo la pili lilikotoka.

Agizo hilo la pili lina sura nyingine kabisa. Limepita katika kinywa cha mtu mwingine, mtu huyo ndiye atakayepokea fedha, limewekewa tarehe ya mwisho, na limeamriwa lifanyike kwa siri. Maandiko yana kisa kinachofanana na hiki kuliko vyote ambavyo umevitaja, nacho kiko katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 13. Mtu wa Mungu alitoka Yuda kwenda Betheli akiwa na agizo la ajabu alilopewa yeye mwenyewe: asile mkate kule, asinywe maji, wala asirudi kwa njia aliyoijia. Alilishika hata mbele ya mfalme Yeroboamu, aliyemkaribisha kwake na kumwahidi zawadi. Kisha akaja nabii mzee wa Betheli, akamwambia kwamba yeye naye ni nabii, na kwamba malaika amemwagiza amrudishe nyumbani kwake ale chakula. Mwandishi anaongeza mara moja kwamba alikuwa anamdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na alipoondoka akakutana na simba njiani, akafa. Hakuangamia kwa kukosa imani katika jambo la ajabu, maana hilo alikuwa nalo. Aliangamia kwa kuruhusu neno la pili, lililoletwa na mtu mwenye cheo cha kiroho, lipande juu ya neno la kwanza. Msomee mume wako sura hiyo taratibu, na umwachie nafasi ya kufikiri mwenyewe.

Siku hizi kuna dhana inayoenea sana kwenye mikutano ya maombi, nayo ni kwamba agizo likizidi kuwa gumu na kutoeleweka, ndivyo linavyozidi kuwa la Mungu. Naamani alikuwa na dhana hiyo hiyo. Jemadari huyo wa Shamu, aliyekuwa na ukoma, alifika kwa nabii Elisha akiwa na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10 ya kubadili, akitegemea jambo kubwa, na akaambiwa aoge mara saba katika mto Yordani. Alikasirika kwa sababu agizo lilikuwa dogo mno, na watumwa wake ndio waliomtuliza kwa kumwambia kwamba kama nabii angemtaka afanye jambo kubwa, angelifanya. Alipopona na kurudi kumpa Elisha zawadi, Elisha aliapa kwamba hatapokea kitu. Aliyemkimbilia Naamani nyuma kwa uongo mtamu na kurudi na talanta mbili za fedha alikuwa Gehazi, mtumishi wa nabii, na ukoma wa Naamani ukahamia kwake. Katika kisa hicho chote, jambo la ajabu halikumgharimu Naamani hata shilingi, na aliyeligeuza kuwa mradi alihukumiwa siku hiyo hiyo.

Lakini kisa ninachotaka mkikalie zaidi ni cha Yeremia, sura ya 32, kwa sababu nacho kinahusu mali isiyohamishika. Ulikuwa mwaka wa kumi wa mfalme Sedekia, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa kutabiri kwamba mji utatekwa. Katika hali hiyo Mungu akamwambia kwamba binamu yake Hanameli atakuja kumtaka anunue shamba lake lililoko Anathothi, kijiji cha jirani kilicho nje ya kuta zile zilizozingirwa. Kununua ardhi ambayo wewe mwenyewe umetangaza kwamba adui ataichukua ni jambo ambalo dalali yeyote angelicheka.

Tazama sasa jinsi alivyotii. Alipolisikia neno hakukimbilia sokoni, bali alikaa nalo mpaka Hanameli alipofika kweli na kusema yale yale aliyokwisha kuambiwa. Na hapo ndipo, kwa maneno yake mwenyewe, alipojua kwamba neno lile lilikuwa la Bwana. Nabii aliyekuwa amemtumikia Mungu kwa miaka mingi alikiri kwamba uhakika ulimjia baada ya jambo kuthibitika, na mimi nashangaa kwamba wahubiri wetu hupenda kuuruka mstari huo. Alipokuwa amethibitisha, akapima shekeli 17 za fedha katika mizani, akaandika hati, akaweka mashahidi wakatia sahihi, akaandaa hati moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi, na zote akamkabidhi Baruku mbele ya mashahidi na mbele ya Wayahudi wote walioketi uwandani, ili ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Bei ilijulikana, pande zote mbili zilikuwepo, na kila aliyeketi pale aliona. Kisha, baada ya kumaliza kutii, akaomba kwa mshangao, akimuuliza Mungu inakuwaje anamwagiza anunue shamba ilhali mji umekwisha kutiwa mikononi mwa Wakaldayo, yaani watu wa Babeli. Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Alimjibu kwa urefu, akamweleza kwamba siku zitakuja ambapo watu watanunua tena mashamba katika nchi ile.

Weka karatasi uliyoletewa kando ya hati ile ya Anathothi. Yako haina bei, mke wa muuzaji ilikuwa asijue, mama wa muuzaji mpaka leo hajui, na anayeuliza anaambiwa hana imani. Mume wako akikuambia kwamba kumuuliza Mungu ni uasi, mkumbushe pia Ezekieli, ambaye katika sura ya 4 aliagizwa aoke mkate wake juu ya kinyesi cha mwanadamu mbele ya watu, akalia kwamba hajawahi kujitia unajisi, na Mungu akambadilishia agizo hilo, akamruhusu atumie kinyesi cha ng'ombe.

Kuhusu Ibrahimu na Sara, Maandiko hayasemi kama alimwambia au hakumwambia, kwa hiyo anayejenga fundisho juu ya kimya hicho anajenga kwa matofali yake mwenyewe. Kilichoandikwa, tena sura moja tu kabla ya safari ya Moria ya kumtoa Isaka, ni kwamba katika shauri zito la nyumba yake Mungu alimwagiza Ibrahimu asikilize sauti ya mke wake. Anania na Safira nao hawakufa kwa kubakiza fedha. Petro alimwambia Anania waziwazi kwamba kiwanja kilipokuwa bado kwake kilikuwa mali yake, na kwamba hata baada ya kukiuza thamani ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lilikuwa uongo. Ni ajabu kwamba kisa kilichoandikwa kuonya juu ya udanganyifu kinatumika kumfundisha mume amfiche mke wake.

Halafu kuna mama mkwe wako. Katika Marko sura ya 7, Bwana Yesu aliwakemea Mafarisayo kwa desturi ya Korbani, ambayo ilimwezesha mtu kutangaza kwamba mali ambayo ingemsaidia baba au mama yake imekwisha kutolewa kwa Mungu, kisha asiwafanyie wazazi lolote. Aliita jambo hilo kulitangua neno la Mungu kwa mapokeo. Mjane mgonjwa aliyechukuliwa kijijini ili atunzwe, kisha akauziwa paa juu ya kichwa chake kwa jina la sadaka, angetosha kuwa mfano wa mahubiri hayo. Na kuna jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelifikiria: yeye ndiye mtu wa Ludewa kuliko nyote, anaijua nyumba iliyobaki kule na anajua kama kanisa lile kweli linahitaji mtu. Mnalijadili shauri la kwao bila yeye.

Simfananishi mume wako na waliopotea, lakini Afrika Mashariki imekwisha kuona mwisho wa utii usiouliza. Kule Kanungu, Uganda, mwaka 2000, mamia ya watu ambao wengi wao walikuwa wameuza mali zao waliteketea ndani ya jengo la ibada, na katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, ya watu ambao, kwa maelezo ya waendesha mashtaka, wengi wao waliaminishwa kwamba wafunge hadi kufa. Ndugu zao wengi wanasimulia kwamba mambo yalianza kwa kutengwa na wale ambao wangeweza kuuliza. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akawaagiza wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Ukiulizia unabii unatimiza nusu ya pili ya agizo hilo, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuikata.

Sasa tuje kwenye karatasi yenyewe. Mnunuzi hakudai idhini yako kwa adabu tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo, hata kama jina lililo kwenye hati ni la mmoja. Mrudishie mume wako karatasi bila kuichana wala kuificha, na umwambie kwa utulivu kwamba husaini mahali ambapo bei haikuandikwa na mama hajaambiwa. Ukiona kuna mtu anajaribu kupita pembeni, usingoje Pasaka. Fika ofisi ya serikali ya mtaa utoe taarifa kwamba hujaridhia, kisha umwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Kufanya hivyo si kumshtaki mume wako, ni kuzuia jambo ambalo halitarudishika.

Kazi kubwa zaidi ni kulirudia lile neno la kwanza. Mwombe radhi kwa kicheko, kisha umwombe akusimulie upya jioni ile tangu mwanzo, na wakati huo usitaje nyumba kabisa. Mwulize ni wapi hasa aliposikia habari ya kuacha kazi, kwa sababu kwa jinsi ulivyoandika, aliyesikia Ludewa ni yeye na aliyesikia barua ya kuacha kazi ni mtumishi. Mwalimu wa Hisabati anayetaka kwenda kijijini hana haja ya kujifukuza kazi. Wewe mwenyewe umesema walimu wa vijijini wanahangaika kuja mjini. Basi kuna mwalimu huko Ludewa ambaye leo hii anatafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, na ombi la namna hiyo lina njia yake, kupitia kwa wakuu wa shule na wakurugenzi wa halmashauri hadi TAMISEMI. Mume wako aandike ombi hilo. Akipata wa kubadilishana naye na kibali kikatoka, atakuwa na jambo la kusimama juu yake kama Yeremia alipomwona Hanameli akiingia uwandani; kisipotoka, atakuwa hajapoteza mshahara wala nyumba, na Mungu anayeagiza haishiwi njia. Nyumba ya Morogoro mkiipangisha, itawalipia watoto ada mkiwa huko.

Lipelekeni shauri hili pia kwa mchungaji wenu, ninyi wawili kwa pamoja, kwa sababu anawajua na hana fungu katika mauzo. Yule mtumishi wa mjini naye asifichwe: mume wako amwambie kwamba mke amekwisha kujua, kwamba nyumba haiuzwi, na kwamba safari bado inaombewa. Asikilize kwa makini atakachojibiwa. Aliyefurahia kweli wito wa Ludewa ataendelea kuufurahia bila fedha.

Likizo ya Juni nendeni Ludewa wote, pamoja na mama, kabla hamjaamua lolote. Mume wako akaketi na wazee wa kanisa lile, awaulize kama wanamhitaji na kwa kazi gani. Wewe ukaulize kama kuna wateja wa kushonewa, na kama zahanati ya karibu ina dawa za presha za mama, kwa jina na kwa kipimo anachotumia sasa. Na kama kijiji chao kiko juu milimani, si kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wabebee watoto masweta, maana baridi ya Juni huko hawajaizoea.